Lau Ingalikuwa

Lugha yetu ya Kiswahili ina viungo viwili vidogo vyenye kazi kubwa. Cha kwanza ni -nge-, na cha pili ni -ngali-. Mtu asemaye "ningekwenda" bado ana njia mbele yake. Kizuizi kikiondoka, yamkini atakwenda. Lakini mtu asemaye "ningalikwenda" anasimulia safari ambayo haikuwa, na ambayo wakati wake umekwisha kupita. Wako wengi siku hizi wasioshika tofauti hii, walakini sarufi ya zamani iliishika sana, na mwanafunzi wa historia hana budi kuishika pia.

Wazee waliichekea -ngali-. Walisema kwamba majuto ni mjukuu, na kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Hata hivyo wanadamu hawakuacha kuuliza mambo yangalikuwaje lau tukio fulani lingalikwenda upande mwingine. Livy, mwandishi wa historia ya Roma ya kale, aliuliza ingalikuwaje lau Iskandari wa Makedonia angaliishambulia Italia. Mwaka wa 1931 J. C. Squire alitoa kitabu kizima cha maswali ya namna hii huko Uingereza, na Winston Churchill alikuwa mmoja wa walioandika humo. Mwaka wa 1961 mwanahistoria E. H. Carr aliudharau mtindo huo, akauona kuwa mchezo wa kupitishia wakati barazani.

Je, Carr alisema kweli? Angalia jawabu alilotoa Livy. Yeye alikuwa mtu wa Roma, na baada ya kupima majeshi ya pande zote mbili aliona kwamba Roma ingalishinda. Hapo twaonywa mapema kwamba hadithi ya "lau" ni kama kioo: mara nyingi msimulizi akitazama ndani yake huona uso wake mwenyewe. Kosa hili ni kubwa, lakini halitoshi kututupisha kioo. Latutaka tukifute, kisha tujue nani anatazama na nani ameachwa nje. Katika insha hii nitapima hadithi mbili za "lau" zinazohusu uwanda mmoja, ule wa Uasin Gishu ambao mji wa Eldoret umejengwa juu yake, ili tuone ipi ina mafunzo, na mafunzo yenyewe ni yapi.

Hadithi ya kwanza ni mashuhuri duniani. Mwezi wa Desemba 1902 Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alisafiri katika nchi hii kwa gari la moshi la Reli ya Uganda, ambayo ilikuwa imefika ziwani mwaka mmoja tu kabla. Akaona nchi ya juu yenye baridi na majani mengi. Mwezi wa Aprili 1903 Wayahudi wa mji wa Kishinev, katika dola ya Urusi, waliangukiwa na ghasia za kikatili. 49 waliuawa, na nyumba nyingi zikavunjwa. Theodor Herzl, kiongozi wa chama cha Wazayuni, alikuwa akitafuta mahali pa kuwakimbizia watu wake, na Chamberlain akamdokezea Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule serikali ya Uingereza iliandika barua rasmi juu ya jambo hilo, na mkutano mkuu wa Wazayuni uliofanyika Basel, katika nchi ya Uswisi, ukapiga kura. Wajumbe 295 walikubali tume ipelekwe kuitazama nchi, na 178 wakakataa. Wajumbe wengi waliotoka Urusi, ambao ndugu zao ndio waliokuwa wakiteswa, waliukataa mpango huo kwa uchungu mwingi, kwa sababu mioyo yao ilielekea Palestina peke yake.

Herzl alifariki mwezi wa Julai 1904. Mwanzo wa mwaka wa 1905 tume ya watu watatu ilifika: Meja Gibbons, Mwingereza, Kaiser, Mswisi, na Wilbusch, mhandisi Myahudi kutoka Urusi. Walishuka Mombasa, wakapanda gari la moshi mpaka Nakuru, kisha wakapanda uwandani pamoja na wapagazi. Waliporudi Ulaya hawakuafikiana katika kila jambo, lakini taarifa yao haikuwatia moyo waliotaka kuja. Mkutano wa Basel wa mwaka wa 1905 ukaukataa mpango huo kabisa. Israel Zangwill, mwandishi aliyeutetea, akajitenga na kuanzisha chama chake cha kutafuta nchi nyingine.

Hizo ndizo habari zenyewe. "Lau" yake husimuliwa hivi: lau tume ingalisifu nchi, na mkutano ungalikubali, basi Wayahudi wangalipata makao yao hapa, na walipokuja Wanazi katika Ujerumani miaka thelathini baadaye, wengi wa wale watu milioni sita waliouawa wangalikuwa na mahali pa kukimbilia. Msomaji asiicheke hadithi hii. Mzizi wake ni huruma, na roho za watu milioni sita si jambo la mchezo wa barazani. Mwenye kuuliza kama wangaliweza kuokolewa anauliza swali la haki.

Pamoja na hayo, hadithi hii ina makosa matatu. La kwanza ni dogo, nalo ni la jina. Vitabu vingi huuita mpango huu "Mpango wa Uganda," ingawa nchi iliyotajwa haikuwa tena Uganda. Jimbo la mashariki la Uganda lilikuwa limehamishiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki mwaka wa 1902. Asiyejua mahali penyewe pa kuwekea "lau" yake amejenga nyumba bila kukitazama kiwanja.

Kosa la pili ni kufikiri kwamba neno "ndiyo" la Basel lingalitosha. Walowezi Wazungu wa Nairobi, wakiongozwa na Lord Delamere, walifanya mikutano ya kupinga mara tu waliposikia habari hizo. Sir Charles Eliot, Kamishna wa Himaya, hakuufurahia mpango huo. Na hata katika mkutano ule wa Basel wenyewe wengi hawakuwa tayari kuja. Mwenye kusimulia hurukia kutoka kura moja hadi mwaka wa 1940 kana kwamba katikati hapakuwa na mito ya kuvuka. "Lau" njema hubadili jambo moja, kisha huyafuata matokeo yake hatua kwa hatua, na husimama pale mwanga unapokwisha.

Kosa la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Hadithi hii huufanya uwanda wa Uasin Gishu kuwa mtupu. Wale waliouona mwaka wa 1905 waliona majani marefu na wanyama, na watu haba, wakadhani kwamba nchi isiyo na kijiji ni nchi isiyo na mwenyewe. Lakini jina lenyewe la Uasin Gishu ni jina la watu. Ni la ukoo mkubwa wa Wamasai waliochunga huko, mpaka vita vya karne ya 19 vilipowatawanya. Kabla yao walikuwapo watu wanaokumbukwa kwa jina la Wasirikwa, ambao mashimo ya maboma yao ya ng'ombe yangaliko katika nchi hizi za juu. Na walipoondoka Wamasai, Wanandi walipeleka mifugo yao katika malisho hayo. Nchi ya mchungaji huonekana tupu kwa mtu aliyefika mwezi ambao ng'ombe wako kwingine. Katika barua za London na kura za Basel hakuna mahali ambapo Mnandi aliulizwa. Na msimulizi wa leo anayesema "lau wangalikuja" bila kutaja walikuwako nani, anarudia dharau ile ile kwa mara ya pili, wala yeye hana udhuru wa kutojua.

Mwaka wa 2018 mwandishi Lavie Tidhar, mzaliwa wa Israeli, alitoa riwaya kwa Kiingereza iitwayo Unholy Land, ambayo yaiwazia nchi hiyo isiyopata kuwa: dola ya Kiyahudi katika Afrika ya Mashariki. Nampa sifa yake. Hakuichora kuwa bustani ya amani. Katika nchi aliyoiwaza ukuta unajengwa ili kuwazuia Waafrika waliofukuzwa wasirudi, na msomaji hana budi kukumbuka Palestina yetu ya kweli, ambako kuundwa kwa Israeli mwaka wa 1948 kulifuatana na kukimbia na kufukuzwa kwa Wapalestina zaidi ya 700,000. Mwandishi huyu ameelewa kwamba ukihamisha mpango huihamishi haki. Swali la wenyeji lakufuata popote uendapo. Upungufu niuonao ni mmoja. Mtu anayetuongoza katika riwaya ni mwandishi, Lior Tirosh, arudiye katika nchi ya ujana wake, na twaiona nchi kwa macho ya msafiri. Mwenyeji yuko ng'ambo ya ukuta, na huko twamhurumia kuliko tunavyomjua. Riwaya ya Uasin Gishu iliyoandikwa kutoka upande wa pili wa ukuta ingali yangojewa, na huenda mwandishi wake yuko darasani leo.

Sasa twende kwenye hadithi ya pili, ambayo haijulikani sana Ulaya, lakini kwa Wanandi ni kidonda. Wanandi walipigana na Waingereza kwa muda wa miaka kumi, tangu 1895 hata 1905. Kiongozi wao alikuwa Koitalel arap Samoei, orkoiyot, yaani kiongozi wa dini na mwenye kauli kubwa katika mambo ya vita. Wanandi waliisumbua reli na simu ya nyaya kiasi cha kuwakosesha Waingereza usingizi. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel alikwenda kuonana na Kapteni Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Badala ya amani alipigwa risasi akafa, na wenzake pamoja naye. Meinertzhagen alidai kwamba yeye ndiye aliyekuwa amewekewa mtego; mabaraza ya uchunguzi ya kijeshi hayakumtia hatiani, lakini mwaka uliofuata aliondolewa katika nchi hii. Vitu vya uongozi alivyovichukua kwa marehemu vilikaa Uingereza karne nzima, vikarudishwa Kenya mwaka wa 2006.

"Lau" ya hadithi hii husemwa hivi: lau Koitalel asingalikwenda mkutanoni, Wanandi wasingalishindwa, na ardhi yao wasingaliipoteza. Hapa kosa ni la namna nyingine. Ile ya kwanza iliwasahau watu wote wa nchi. Hii yaliweka taifa zima juu ya mabega ya mtu mmoja na saa moja. Jeshi kubwa la kuwaadhibu Wanandi lilikuwa limekwisha kukusanywa siku ile, likaanza kazi yake siku chache baadaye. Bunduki za mzinga zilikuwapo, na reli ilikuwapo, na Waingereza walikwisha azimia kwamba reli haitaguswa. Yamkini sana Wanandi wangalisukumwa mbali na reli hata kama Koitalel angalibaki nyumbani kwake. Kumpenda shujaa ni vema, lakini kudhani kwamba yote yalitegemea uhai wake ni kuyasahau mashujaa mengine na kuisahau nguvu iliyowakabili.

Hata hivyo hadithi hii yaishinda ile ya kwanza kwa jambo moja. Yatuonyesha mahali ambapo uchaguzi ulikuwa wa kweli. Mkono wa askari ungaliweza kuzuiwa. Ahadi ya amani ingaliweza kutimizwa. Koitalel angaliweza kukamatwa, akahukumiwa au akahamishwa, na neno la serikali likabaki na thamani masikioni mwa Wanandi. Badala yake uadui ulirithiwa. Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alitiwa kizuizini katika miaka ya 1920, akakaa huko kama miaka arobaini, asifunguliwe mpaka 1964, baada ya uhuru. Hapa "lau" haitupi ndoto ya ushindi. Yatupa hesabu ya hasara iliyoweza kuepukwa.

Mpaka hapa nimezipima hadithi hizi mbalimbali, kama wafanyavyo wengi. Lakini ziweke pamoja uone. Mkutano wa Basel ulikataa mpango katika kiangazi cha Ulaya cha mwaka wa 1905. Koitalel aliuawa mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Kwa hiyo Basel walipokuwa wakibishana kama nchi hii yafaa, wenye nchi walikuwa vitani kwa ajili yake. Na Basel walipokwisha kusema "hapana," je, Wanandi waliachiwa uwanda wao? Hata kidogo. Mwaka wa 1908 Makaburu zaidi ya mia mbili, wakiongozwa na Jan van Rensburg, walitoka Afrika ya Kusini kwa meli, wakashuka Mombasa, wakafika Nakuru kwa gari la moshi, wakapanda uwandani na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Uwanda uligawanywa mashamba yenye nambari. Mji ulianza katika shamba nambari 64, na kwa hiyo ukaitwa "Sisti Foo," jina ambalo wenyeji walilitamka kwa namna yao kuwa Sisibo, kabla ya kuitwa rasmi Eldoret mwaka wa 1912.

Basi "ndiyo" ya Basel ingaliwanyang'anya Wanandi ardhi, na "hapana" ya Basel haikuwarudishia. Kwao wao njia panda ile haikuwa njia panda. Hapa ndipo ninapopata neno ambalo ndilo kiini cha insha hii: kabla hujauliza "lau," uliza kwanza, njia panda ya nani? Tukio linaloonekana kubwa katika ramani ya Ulaya laweza kuwa dogo kwa mchungaji, na karatasi isiyotajwa katika hadithi yaweza kuwa ndiyo iliyoamua maisha yake.

Karatasi hiyo ipo. Ni Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka wa 1902, iliyoiwezesha serikali kutoa ardhi ya Himaya kwa walowezi. Bila ya madaraka kama hayo Chamberlain asingalikuwa na kitu cha kumpa Herzl, wala Makaburu wasingalipimiwa mashamba. Kwa hiyo "lau" inayofaa kuulizwa Eldoret ni hii: lau wenyeji wangaliulizwa kabla ardhi haijafanywa mali ya kugawiwa, ingalikuwaje?

Mtu atasema kwamba hiyo ni ndoto, kwa kuwa wakoloni wa zamani zile hawakuwa na desturi ya kuuliza. Nami namjibu kwa habari ya kweli. Mwaka wa 1897 serikali ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, ilileta muswada wa kutia ardhi chini ya madaraka yake. Wasomi na machifu wa huko, na miongoni mwao mwanasheria John Mensah Sarbah, waliungana katika chama cha kutetea haki za wenyeji. Mwaka wa 1898 wajumbe wao walifika London wakaonana na Waziri wa Makoloni, na muswada ule ukaachwa. Waziri huyo alikuwa nani? Alikuwa Joseph Chamberlain, yule yule aliyepita huku katika gari la moshi miaka minne baadaye. Mtu mmoja, katika kiti kimoja, alisikiliza Waafrika wa pwani ya magharibi, asiwaulize Waafrika wa nchi hii. Basi kuuliza kuliwezekana. Kilichokosekana kwa Wanandi hakikuwa haki, kilikuwa njia ya kuifikisha haki yao mezani: wanasheria, magazeti, na watu waliosoma lugha ya mtawala. Hapo "lau" imetufundisha jambo ambalo historia ya kuorodhesha miaka peke yake isingalitufundisha.

Kwa nini jambo hili liwahusu vijana wa leo? Kwa sababu "lau" si mchezo katika uwanda huu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika Kenya na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, na Uasin Gishu ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Katika siku zile ilisikika "lau" iliyo mbaya kuliko zote: lau hawa jirani zetu wasingalikuja, tungalikuwa na ardhi ya kutosha. Yapime maneno hayo kwa mizani yetu. Yanamtwika mnyonge uchaguzi ambao haukuwa wake. Yanaruka kutoka 1902 hata leo bila kuvuka mito ya katikati. Na yanamfanya mtu aliyepo kuwa kana kwamba hayupo, kama vile uwanda ulivyofanywa mtupu katika ramani ya zamani. Kijana aliyejifunza kuuliza "njia panda ya nani?" hatadanganywa upesi na maneno hayo. Ataitafuta sheria, na mwenye kalamu, na mwenye madaraka, kabla ya kumgeukia jirani yake mwenye jembe.

Carr alikuwa na haki ya kuudharau mchezo wa barazani, lakini si kila "lau" ni mchezo. Ile inayotazama uchaguzi wa kweli, inayobadili jambo moja tu, inayowahesabu watu wote waliokuwapo, na inayonyamaza pale ushahidi unapokoma, hiyo ni sehemu ya elimu. Tukikwisha kuijua, turudi kwenye vile viungo viwili vya lugha yetu. Ardhi ya Eldoret ingalikuwa hivi au vile ni maneno ya -ngali-, na wakati wake umepita. Lakini wenyeji wote wa uwanda huu, waliotangulia na waliofuata, wangeulizwa leo kabla ya kila sheria mpya ya ardhi: hayo ni maneno ya -nge-, na mlango wake bado uko wazi.